Ngoma Ngumu Kuliko Zote: Mataji ya Tekno, Detroit hadi Mburahati

Mwaka 1993 Moby, mwanamuziki wa Marekani, alitoa wimbo uitwao "Thousand". Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kileleni unafika mapigo 1,015 kwa dakika. Guinness wakauandika kitabuni mwao kuwa wimbo wenye kasi kuliko nyimbo zote. Gawanya kwa 60 upate karibu mapigo 17 kila sekunde. Hapo sikio linaanza kushindwa: mapigo yakikaribia 20 kwa sekunde hayasikiki tena moja moja, yanaungana yakawa mvumo mmoja wa chini. Wapo watengenezaji wanaouvuka mpaka huo kwa makusudi, kwa mtindo unaoitwa extratone, na kwao ngoma imekwisha kuwa noti.

Nimeitaja rekodi hiyo mwanzoni ili niiweke kando. Hakuna kiuno kinachoweza kuifuata. Tekno ngumu ilitengenezwa ichezwe, na ugumu wake una sura nyingi: kuna ugumu wa kasi, wa uzito, wa kurudiarudia bila kumpumzisha mtu, na hata ugumu wa kuta za chumba inamopigwa. Mataji ninayoyagawa hapa nimeyapima kwa jambo moja tu, yaani pigo linamfanya nini mtu aliyesimama mbele ya spika. Na kwa kipimo hicho, taji la kasi halikwenda Ulaya wala Marekani. Liko Dar es Salaam. Tutafika.

Mashine iliyoshindwa dukani

Kampuni ya Roland ya Japani iliitoa mashine ya ngoma TR-909 mwaka 1983, ikaacha kuitengeneza baada ya muda mfupi zikiwa zimeundwa takriban 10,000 tu. Wanamuziki wa siku hizo walitaka mashine zenye sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Kwenye 909 yaliyorekodiwa yalikuwa matoazi peke yake. Ngoma nyingine zote zilizalishwa na saketi za umeme, na masikioni mwa wengi zikaonekana za bandia. Ikashuka bei, ikaingia kwenye soko la vitu vilivyotumika, na huko ndiko vijana weusi wa Detroit na Chicago walikoikuta. Derrick May wa Detroit alimuuzia ya kwake Frankie Knuckles wa Chicago, na miji miwili ikawa inaongea kwa ngoma moja.

Siri iko kwenye kiki yake, ile ngoma ya besi. Huanza kwa mguso mkali wa juu, kisha sauti inaporomoka hadi chini ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mguso unagonga kifua, mporomoko unasukuma tumbo. Ukiipitisha kwenye mikisa na kufungua sauti kupita kiasi, saketi zinashindwa kuibeba, vilele vya wimbi vinakatwa, na pigo linanenepa na kuanza kunguruma. Mitindo mingi migumu iliyozaliwa Marekani na Ulaya inarudi hapo: mtu na kiki ya 909, akiamua aifungue kiasi gani. Sikijui chombo kingine cha umeme kilichokaa sokoni muda mfupi hivyo kikaacha alama kubwa hivi.

Mikono yenye kasi kuliko yote

Detroit ndiyo iliyoanza, na heshima hiyo isiguswe na mtu. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Atkins alianza kutoa muziki wa mashine mwaka 1981 na kundi lake la Cybotron. Mwaka 1988 kampuni ya Virgin ikatoa London mkusanyo wa nyimbo za vijana hao, na neno tekno likasambaa duniani likiwa na jina la Detroit ubavuni.

Lakini aliyeifanya tekno iwe ngumu kwa maana ninayoizungumzia ni Jeff Mills. Miaka ya 1980 alikuwa akipiga redioni Detroit kwa jina la The Wizard, akibadilisha santuri haraka kiasi kwamba wasikilizaji walidhani wako watu wawili. Baadaye yeye na Mike Banks wakaanzisha Underground Resistance, kundi lililoficha nyuso zake, likachapa santuri zake lenyewe na kukataa kuongozwa na makampuni makubwa. Robert Hood, aliyekuwa nao, akatoa "Minimal Nation" mwaka 1994, akathibitisha kwamba ukiondoa karibu kila kitu kwenye wimbo, kile kidogo kinachobaki kinapiga kwa nguvu zaidi.

Taji la mikono ninampa Mills kwa rekodi moja: mchanganyiko alioupiga moja kwa moja katika klabu ya Liquid Room, Tokyo, ukatolewa mwaka 1996. Kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja anapitisha nyimbo zaidi ya 30. Santuri inaingia, inatoa kilicho bora ndani yake, inaondolewa kabla hujaizoea. Unasikia sindano ikikwaruza, unasikia mapigo yakiteleza kidogo na mkono wake ukiyarudisha mstarini. Programu za siku hizi zinaunganisha mapigo zenyewe bila kosa, na ndiyo maana rekodi hii inazidi kuwa ya thamani kila mwaka unapopita: ugumu wake ni ugumu wa kazi inayofanyika mbele yako.

Mwaka 2018 Mills alitoa kazi pamoja na Tony Allen wa Nigeria, mpiga ngoma aliyeijenga Afrobeat na Fela Kuti. Mtu wa mashine na mtu wa ngoma za miguu na mikono wakakaa kama wenzi wa siku nyingi. Isikilize kabla hujamwambia mtu kwamba tekno ni mambo ya Wazungu.

Vyumba

Chumba kigumu kuliko vyote kilikuwa Berlin. Mwaka 1991, ukuta ukiwa umeanguka na upande wa mashariki ukiwa umejaa majengo yasiyojulikana mwenyewe, Dimitri Hegemann na wenzake walikuta hifadhi ya fedha ya lililokuwa duka kubwa la Wertheim: chini ya ardhi, milango ya chuma, nondo, masanduku ya kuwekea mali yamepata kutu. Wakaiita Tresor. Dari lilikuwa chini, joto lilitiririsha maji ukutani, na besi haikuwa na pa kwenda isipokuwa ndani ya watu. Santuri ya kwanza ya lebo yao ilitoka Detroit, kazi ya Mills, Banks na Hood chini ya jina X-101. Muziki uliozaliwa katika mji wa viwanda vilivyofungwa ukapata nyumba katika mji uliokuwa umegawanywa, na tangu hapo watu wa miji hiyo miwili wamekuwa wakitembeleana kama ndugu. Tresor ya kwanza ilifungwa mwaka 2005. Iliyofunguliwa mwaka 2007 iko ndani ya kituo cha zamani cha umeme.

Berghain, iliyofunguliwa mwaka 2004, nayo imo ndani ya kituo cha zamani cha umeme na joto, na inashika rekodi ya ajabu ya kodi: mwaka 2016 mahakama ilikubali kwamba kinachofanyika humo kinastahili kutozwa asilimia 7, kiwango cha matamasha ya sanaa, badala ya asilimia 19 ya burudani za kawaida. Mwaka 2024 Ujerumani ikaiingiza tekno ya Berlin kwenye orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Umati mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Love Parade, tamasha la tekno la barabarani. Mwaka 1989 watu wapatao 150 walifuata gari lenye spika barabarani Berlin Magharibi. Miaka kumi baadaye walitajwa kufika milioni moja na nusu. Siyo rekodi ninayopenda kuishangilia. Mwaka 2010, tamasha likiwa limehamia Duisburg, watu 21 walifariki katika msongamano wa njia ya kuingilia, na halikufanyika tena chini ya waandalizi wake. Atakayeandaa umati wa aina hiyo popote pale aijue njia ya kutokea kabla hajajua nani atapiga.

Klabu iliyosimama imara kuliko zote ni Bassiani ya Tbilisi, Georgia, ambayo ukumbi wake wa kuchezea ni bwawa la kuogelea lisilo na maji chini ya uwanja wa mpira wa Dinamo. Usiku wa Mei 2018 polisi wenye silaha waliivamia. Kesho yake maelfu ya vijana walikuwa mbele ya bunge, wameweka spika, wanacheza. Waziri wa mambo ya ndani aliomba radhi hadharani. Mimi naihesabu hiyo kuwa siku ambayo tekno ngumu ilifanya kazi kubwa kuliko zote nje ya ukumbi.

Kiki nene kuliko zote

Hapa taji lina wazazi wawili. Wa kwanza ni Marc Acardipane wa Frankfurt, ambaye mwaka 1990 alitengeneza "We Have Arrived" kwa jina la Mescalinum United. Kiki yake imechanwachanwa mpaka haijulikani kama bado ni ngoma. Wa pili ni Rotterdam nzima. Bandari hiyo ya Uholanzi ilipigwa mabomu Mei 1940 na katikati yake yote ikateketea. Iliyojengwa upya ni ya zege, makreni na watu wa kazi. Mwaka 1992 Paul Elstak alianzisha lebo ya Rotterdam Records, na toleo lake la kwanza, la kundi la Euromasters, lilikuwa kejeli ya wazi kwa Amsterdam na muziki wake laini. Ndivyo mtindo wa gabber ulivyopata sura.

Katika gabber kiki ndiyo kila kitu. Imefunguliwa kupita kiasi mpaka ina noti yake, inaimba, inabeba wimbo ambao kwingine ungebebwa na gitaa la besi. Mwendo ni mapigo 160 hadi 190 na zaidi. Vijana walinyoa vipara, wakavaa trakisuti za kung'aa na viatu vya Nike, na wakabuni uchezaji wa miguu unaoitwa hakken ambao unamaliza pumzi ya mchezaji yeyote asiyejiandaa. Wasomi waliucheka muziki huu kwa miaka mingi. Leo umesambaa hadi Indonesia, ambako Gabber Modus Operandi wa Bali wameuchanganya na jathilan, ngoma ya kupandisha mizimu ya Java, na mmoja wao, Kasimyn, akaitwa na Björk wa Iceland kwenye albamu yake ya mwaka 2022. Ukisikia kazi zao utaelewa kwamba kiki ya Rotterdam ilikuwa inangoja mtu anayejua pepo apandishwe vipi.

Birmingham, na wengine kwa haraka

Birmingham ya Uingereza inapata taji la ukavu. Ni mji wa viwanda vya vyuma, ulioipa dunia Black Sabbath, kundi la muziki wa metali, na Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi hilo, alipoteza ncha za vidole kwenye mashine ya kiwanda. Mwaka 1993 usiku wa klabu uitwao House of God ulianza huko, na mtengenezaji Regis akaanzisha lebo ya Downwards. Mwenzake Surgeon alirekodi santuri yake ya kwanza katika studio ya Mick Harris, aliyewahi kuwa mpiga ngoma wa Napalm Death, kundi jingine la metali. Kwa hiyo chuma cha zamani kikaingia moja kwa moja kwenye chuma kipya. Tekno ya Birmingham haina mapambo. Inachukua kipande kifupi, inakizungusha, inakisugua, na inakataa kukupa ile ahueni ambayo nyimbo nyingine huitoa baada ya kila dakika mbili. Wengi huichoka upesi. Mimi naiona ndiyo shule ya kusikiliza: ukikaa nayo dakika kumi, unaanza kusikia mabadiliko madogo ambayo hapo mwanzo ungeapa hayapo.

Frankfurt ina schranz, inayohusishwa zaidi na Chris Liebing, mtindo uliobanwa na kukandamizwa mpaka haibaki nafasi ya hewa. Stockholm ina Adam Beyer na Cari Lekebusch na lupu zao zilizonyooka. Lebo ya Beyer, Drumcode, ilianza mwaka 1996. Ben Sims wa Uingereza alijaza tekno konga na ngoma za mikono chini ya jina la Hardgroove, na vijana wa miaka ya 2020 wamelirudisha kwa kishindo. Na huko Matehuala, Mexico, mtindo wa tribal guarachero ulizaa viatu virefu kuliko vyote katika historia ya muziki wa dansi, mabuti yenye ncha iliyopinda juu kufikia magoti ya mvaaji.

Nzito bila kukimbia

Atakayedhani ugumu lazima uende mbio asikilize gqom ya Durban, Afrika Kusini. Mwendo wake ni mapigo yapatayo 120 tu, na kiki haipigi kila hatua kama tekno ya Ulaya. Inapiga, inaacha pengo, inapiga pale ambapo mguu haukutarajia. Vijana wa vitongoji vya Durban waliitengeneza kwa kompyuta za kawaida, wakaigawa kwa simu, ikapata umaarufu kwenye teksi za abiria kabla ya redio kuijali. DJ Lag aliifikisha mbali: mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa waliotengeneza wimbo wa Beyoncé "My Power". Uzito wa gqom unatoka kwenye kile ambacho hakikupigwa. Katika mashindano yote haya, hakuna anayetumia ukimya vizuri zaidi.

Kasi yenye miguu

Sasa Dar es Salaam. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Gabber ya Rotterdam, iliyoitisha Ulaya, inaishia pale ambapo singeli inaanza kupasha. Ziko nyimbo za Ulaya zenye kasi zaidi, ndiyo, lakini husikilizwa na wachache waliosimama wamekunja mikono. Singeli inachezwa na mtaa mzima, watoto na akina mama, kwenye vigodoro vya kukesha, harusini na kwenye kampeni za siasa. Ndiyo maana nasema taji ni lake: kasi kubwa kuliko zote ambayo bado ina miguu ndani yake.

Haikushuka kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna mchiriku, muziki wa kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vilivyochakaa, ambao Jagwa Music waliutoa nje ya nchi kwa albamu ya "Bongo Hotheads" mwaka 2012. Nyuma ya mchiriku kuna ngoma za Wazaramo, na pembeni iko taarab. Mtengenezaji wa singeli huchukua kipande kifupi cha kinanda au cha vinanda vya nyuzi kutoka kwenye taarab, anakizungusha na kukiongezea mwendo mpaka sauti zake zinapanda na kuwa nyembamba kama za ndege. Juu yake anapanga ngoma zinazogawanyika kwa tatu na kwa mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mchezaji anapata njia: miguu inakwenda kwa nusu ya mwendo, kiuno kinachukua mwendo wote, na MC anatiririsha maneno katikati. Kiki nene karibu haipo. Ugumu wake umekaa juu, kwenye makofi na snea zinazomiminika, tofauti kabisa na Ulaya inayotafuta ugumu chini.

Kwa miaka mingi watu wenye heshima zao waliuita muziki wa wahuni. Msaga Sumu na wenzake waliubeba Uswahilini bila kungoja kibali. Mwaka 2016 Man Fongo alipotoa "Hainaga Ushemeji", nchi nzima iliimba, na redio zikafungua milango. Mwaka uliofuata lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso", kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na wapenzi wa tekno wa Ulaya wakasikia kitu ambacho mashine zao zilikuwa zikikitafuta tangu 1990. Bamba Pana akaja na "Poaa" mwaka 2018. Duke wa Pamoja Records akaonyesha kwamba studio ya Sisso haiko peke yake. DJ Travella, akiwa bado kijana mdogo sana, akatoa "Mr Mixondo" mwaka 2022, na Sisso akiwa na Maiko wakatoa "Singeli Ya Maajabu" mwaka 2024. Kinachonifurahisha ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepunguza mwendo ili mgeni afuate.

Kampala yenyewe inastahili taji la mkutano bora wa ngozi na umeme. Nihiloxica ni wapiga ngoma wa Buganda pamoja na Waingereza wawili wa sintesaiza na drams, na albamu yao "Kaloli" ya mwaka 2020 ni tekno ngumu ambayo sehemu kubwa yake inapigwa kwa fimbo na viganja. Walipokataliwa viza za Uingereza, walilijibu jambo hilo kwa albamu nzima, "Source of Denial", mwaka 2023. Slikback wa Kenya naye, aliyetokea kwenye Hakuna Kulala, lebo dada ya Nyege Nyege Tapes, anatengeneza mapigo meusi yaliyovunjikavunjika ambayo hayana mji mmoja. Ni mkali kuliko wengi wa Berlin.

Kwa anayetaka kuanza: usitumie spika ya simu. Kiki ya tekno inaishi karibu na mitetemo 50 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Utabaki na matoazi na utasema ni kelele. Tafuta spika yenye besi au vipokea sauti vizuri. Anza na Robert Hood ili sikio lijue kungoja, nenda kwa Mills pale Tokyo, mpitie Surgeon, pumzika Durban, kisha weka "Mr Mixondo" na usogeze viti ukutani.